Mfumaji, Nyumba na Safari: Mjadala juu ya Kazi Inayobebwa Mkobani

Kufuma, kwa maana inayochukuliwa katika mjadala huu, ni ufundi wa kutengeneza kitambaa kwa uzi mmoja mrefu unaopitishwa kitanzi ndani ya kitanzi, iwe kwa sindano mbili ndefu, iwe kwa kroshia, yaani sindano moja yenye ndoano nchani, au kwa mashine ya kusukuma kwa mkono ambayo hufungwa juu ya meza. Nguo ya mtande na mshindio, ile ambayo nyuzi zake hupishana juu na chini, kwa kawaida huhitaji kitanda cha mfumi kisichoondoka mahali pake. Kazi ya vitanzi vya mkono, kinyume chake, inaweza kusimamishwa mwisho wa mstari wowote, ikaviringishwa, ikatiwa mkobani na kuendelezwa penginepo siku nyingine. Sifa hiyo ya kubebeka ndiyo iliyowafanya wengi waamini kwamba mfumaji ana bahati kuliko mafundi wengine, kwa kuwa anaweza kulea, kutembelea ndugu na kusafiri bila kuiacha kazi yake, na ndiyo pia inayowafanya wengine waulize kama mtu ambaye kazi yake humfuata kila aendako huwa anatoka kazini hata siku moja.

Hoja hizo zinawekwa hapa katika vinywa vinne. Si vinywa vya watu mahususi, bali ni misimamo inayoweza kusikika katika nyumba yoyote ya wafumaji wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na imepewa udugu kwa sababu suala lenyewe ni la udugu. Yupo Bibi, aliyefuma kwa mkono tangu usichana wake. Yupo Fundi, mkwe wake, mwenye mashine ya sweta barazani mjini Njombe. Yupo Binti, mtoto wa Fundi, mhasibu aliyehamia Dar es Salaam. Na yupo Shemeji, mdogo wa mume wa Fundi, ambaye hakuna safari ya ukoo inayopangwa bila yeye wala nauli isiyopitia mkononi mwake.

Bibi anapewa nafasi ya kwanza, kama umri unavyodai. Msimamo wake ni kwamba kufuma hakujawahi kugombana na nyumba, kwa kuwa ni kazi ya mikono inayoacha masikio na ulimi huru. Seti ya mtoto mchanga, yaani kofia, soksi, kisweta na shali, hufumwa jikoni maharage yakichemka. Vitambaa vya makochi hufumwa kwenye kikao cha VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo wanachama wake hukutana kununua hisa na kurejesha mikopo. Na duara moja dogo la kroshia linaweza kuanza na kwisha kabla ya jina la mgonjwa kuitwa zahanati. Bibi anawakumbusha wenzake wanawake wa Unguja na Pemba, ambao husuka ukili, utepe mrefu wa miyaa unaokuja kuungwa kuwa mkeka, huku wakipiga soga, na wanawake wa Ukambani nchini Kenya waliojulikana kwa kusuka kiondo wakiwa njiani kwenda sokoni. Kazi hizo ni za kusuka na si za kufuma, lakini mwenendo wake ni uleule: mikono inakwenda, na maisha mengine yanakwenda pamoja nayo.

Historia ya mbali inampa Bibi ushahidi ambao yeye mwenyewe hakuuomba. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, maelfu ya wasichana na wanawake wa Scotland walifuata meli za wavuvi wa heringi, samaki wa bahari za kaskazini aliyekuwa akihifadhiwa kwa chumvi ndani ya mapipa, kuanzia visiwa vya Shetland wakati wa kiangazi hadi Great Yarmouth na Lowestoft, mashariki mwa Uingereza, wakati wa vuli. Walifanya kazi watatu watatu, wawili wakipasua samaki na mmoja akiwapanga pipani; walisafiri kwa treni, kila mmoja na sanduku lake la mbao; na meli zilipochelewa kurudi walionekana barabarani wakitembea na kuzungumza huku sindano zikienda. Hao walikuwa wafumaji wenye ujira wa kazi nyingine, waliokuwa wamesafiri mbali na makwao, na ambao sweta au soksi iliyokuwa mikononi mwao mara nyingi ilikuwa ya ndugu na si ya tajiri. Jambo hili la mwisho linafaa kuwekwa akilini, kwa sababu mjadala utalirudia.

Binti hakatai, ila anataka kujua nani alifaidika. "Bibi, anayefuma huku akitembea ameongezewa matembezi au ameongezewa kazi?" Naye ana ushahidi wake, na umetoka Shetland kulekule. Wanawake wa visiwa hivyo walifuma huku wamebeba mgongoni vikapu vya mboji, udongo wa kinamasi unaokatwa na kukaushwa ili uwe kuni, wakiwa wamejifunga kiunoni mshipi wa ngozi wenye kifuko kilichoshindiliwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu, ambamo ncha ya sindano moja iliegemezwa ili isihitaji kushikwa muda wote. Wageni waliopita waliisifu picha hiyo ya mwanamke asiyepoteza hata dakika. Lakini uchunguzi rasmi wa serikali ya Uingereza kuhusu mtindo wa kulipa wafanyakazi kwa bidhaa badala ya fedha, ambao ripoti yake ya Shetland ilitolewa mwaka 1872, ulionyesha kwamba wafumaji wengi walilipwa na wenye maduka kwa chai na vitambaa. Bidii iliyosifiwa barabarani ilikuwa, katika daftari la duka, ratili kadhaa za chai.

Kwa kuwa yeye ni mhasibu, Binti haishii hapo. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, sentimita 10 za kitambaa hubeba vitanzi kama 22 kwa upana na mistari kama 30 kwa urefu, na hicho ndicho kipimo ambacho mfumaji makini hukihakiki kwa kipande kidogo kabla ya kuanza nguo yenyewe. Kiwiliwili cha sweta ya mwanafunzi chenye mzunguko wa sentimita 70 na urefu wa sentimita 45 kina basi vitanzi 154 katika kila mzunguko na mizunguko 135, yaani vitanzi 20,790, kabla ya kugusa mikono, shingo na ukingo. Anayefuma vitanzi 30 kwa dakika bila kukatishwa na mtu atahitaji zaidi ya saa 11 kwa kiwiliwili hicho pekee. Hazel Tindall wa Shetland alihesabiwa vitanzi 262 katika dakika 3, lakini hiyo ni kasi ya mashindano, si ya mtu mwenye chungu motoni na mtoto anayeuliza daftari lake liko wapi. Saa hizo mteja hazioni. Swali lake la kwanza anapotajiwa bei ni uzi umeingia kiasi gani. Akishajibiwa, hujumlisha fedha ya uzi, huongeza kidogo kama ya soda, na kuiita hiyo bei ya haki. Kwa Binti, kule kubebeka kwa kazi ndiko kunakomsaidia mteja kuamini hivyo, kwa sababu kitu kilichofumwa kwenye foleni ya zahanati au kwenye kikao kinaonekana kana kwamba kilijifuma chenyewe.

Hapo Fundi anamkatiza mwanawe, kwa upole lakini bila kusita, kwa kuwa hesabu hiyo ni sahihi na haimhusu. Sweta za shule katika miji kama Njombe, Mbeya na Iringa hazifumwi tena kwa sindano mbili. Mashine yake ni kitanda cha chuma chenye safu ya sindano fupi, kila moja ikiwa na ndoano na kiulimi kinachofunguka na kujifunga, na kila moja ikishika kitanzi kimoja. Juu yake hupita kigari kinachobeba uzi wa akriliki kutoka kwenye koni, na kila kinaposukumwa kutoka upande mmoja hadi wa pili, mstari mzima hufumwa kwa mpigo mmoja. Mistari 135 ya mbele ya sweta inamalizika kabla ya chai kupoa, mradi uzi usikatike, maana kigari kikipita bila uzi kipande chote huachiwa na sindano na kuanguka sakafuni, na vitanzi vinafumuka hadi mfumaji avidake kimoja kimoja. Muda mrefu huliwa baadaye, na mkono: kuunga mabega, kupachika mikono, kushona ubavu na kumalizia shingo ya umbo la V isiyokunjamana.

Kwa hiyo, asema Fundi, tatizo la saa 11 lilitatuliwa zamani, na utatuzi wake ndio ulioleta tatizo la sasa, kwa kuwa mashine haiingii mkobani. Bibi alifuma polepole na alikwenda popote. Mkwe wake anafuma haraka na haondoki barazani. Si jambo la Njombe tu. Mashine hiyo ni kizazi cha mbali cha ile ya kufuma soksi iliyobuniwa mwaka 1589 na William Lee, ambaye hutajwa kuwa kasisi wa Calverton, karibu na Nottingham nchini Uingereza. Katika karne ya 18 na ya 19 wafumaji wa soksi wa Nottinghamshire na Leicestershire walizikodi mashine za aina hiyo na kuziweka majumbani mwao, na nyumba nzima ikawa karakana: mwanamume akiendesha, watoto wakiviringisha uzi, mwanamke akishona maungio, na kodi ya mashine ikidaiwa hata juma ambalo uzi haukuletwa. Fundi hana kodi ya namna hiyo, kwa kuwa mashine ni mali yake. Ana Desemba.

Ni lazima Desemba ya mfumaji wa sweta ielezwe kwa kirefu, kwa sababu bila kuielewa mjadala wote utaonekana kuwa wa saa za siku, ilhali ni wa kalenda. Mwaka wa masomo Tanzania huanza Januari. Mtihani wa darasa la saba hufanywa Septemba, matokeo hufuata, na orodha ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hutoka mwaka ukiwa unaelekea ukingoni. Hapo ndipo mzazi anapojua shule, na ndani ya maelekezo ya kujiunga, yaani ile fomu inayotaja godoro, ndoo, madaftari na sare, ndipo anapojua kama sweta ni ya bluu, ya kijani au ya damu ya mzee. Oda za wanafunzi hao, kwa hiyo, haziwezi kuja mapema hata mzazi akiwa mtu wa mipango. Lakini mzazi ambaye mtoto wake yuko darasa la nne katika shule ileile aliyoanzia, ambaye rangi ameijua tangu miaka mitatu iliyopita, naye huja katika wiki hizohizo, akiwa na fedha za kilimo zilizopatikana mwishoni au na bonasi ya mwajiri, na huja na neno moja: haraka.

Na wiki hizohizo ndizo za Shemeji. Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani na wa kutoka nyumbani. Wachaga hurudi kwao Kilimanjaro kwa wingi unaojulikana nchi nzima, tiketi za mabasi ya mikoani huadimika, na ukoo ambao umetawanyika kati ya Njombe, Mbeya na Dar es Salaam hutafuta siku ambazo wote wanaweza kukaa chini ya paa moja. Humohumo huangukia harusi, kipaimara na vikao vya familia vilivyoahirishwa tangu Pasaka. Shemeji analalamika kwamba miaka yote mwenye mashine ndiye anayefika wa mwisho na kuondoka wa kwanza, na kwamba akifika huwa amekuja na mfuko wa sweta zisizoungwa. "Shemeji," anamwambia kwa utani unaoruhusiwa kati yao, "ukoo ulikualika wewe, haukuialika shule ya msingi."

Msimamo wa Shemeji si wa kudharau kazi. Anachotetea ni heshima ya matembezi, na hoja yake ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kutembeleana, katika jamii za nyumba hizi, ni jambo lenye kanuni: mgeni hupokelewa mzigo, huulizwa habari za alikotoka mpaka zikaisha, na macho ya mwenyeji huwa usoni mwake. Mfumaji anayehesabu hawezi kutimiza kanuni hiyo. Mgeni anauliza hali ya watoto. Mwenyeji anainua kidole kumwomba asubiri, midomo ikitembea bila sauti, thelathini na nane, thelathini na tisa. Kisha anajibu kwamba watoto hawajambo, na anaanza kuhesabu upya kwa sababu jibu lenyewe limemvuruga. Mgeni mwenye adabu hatauliza swali la pili. Atakunywa chai yake na kusifu kitambaa.

Bibi anakubali kwamba tabia hiyo ni mbaya, na anaitibu kwa ufundi badala ya kuipiga marufuku. Zipo kazi za kuzungumza nazo na zipo kazi za kunyamaza nazo. Mistari mitupu ya sindano mbili, ile inayorudiwa bila kuongeza wala kupunguza kitanzi, haihitaji macho, na mfumaji aliyezoea huitambua kwa ncha za vidole. Lakini ua la kroshia lenye petali nane, au shingo inayopunguzwa kitanzi kimoja kila mstari wa pili, humtaka mtu mzima. Anayekwenda kikaoni na ua hajui kuchagua. Msibani, kwa Bibi, hakuna kazi yoyote ya uzi inayofaa, iwe ya kuzungumza au ya kunyamaza, kwa sababu mikono ya msibani ina kazi zake: kuchambua mchele, kuosha vyombo, kumshika mfiwa. Harusini pia hapana. Katika suala hili Bibi yuko sahihi kuliko wote, na ni ajabu kwamba wanaojadili maisha ya mfumaji hulipita haraka, wakati ndilo linaloamua kama majirani watamwona mtu mwenye kazi au mtu mwenye kiburi.

Kuhusu safari zenyewe yapo machache ya kusema, na ni ya kiufundi. Njombe hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 700, siku nzima ya basi yenye kona za Kitonga ndani yake, na mwenye akili hatoi sindano mbili za chuma karibu na mbavu za abiria wa kiti cha pili. Kroshia fupi inatosha. Kwenye mabasi ya usiku, yaliyoruhusiwa tena mwaka 2023, hata hiyo haina kazi, kwa kuwa taa za ndani huzimwa na abiria wanataka kulala. Treni ni rafiki zaidi wa mfumaji. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kuiunganisha Dar es Salaam na Zambia, hupita Makambako, na mwendo wake wa pole ulimfaa mtu mwenye bonge la uzi miguuni. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imetulia zaidi, ila safari yake ni fupi mno kwa shali. Kwa ndege, mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani huruhusu sindano za kufumia katika mzigo wa mkononi, lakini si kila uwanja wa ndege duniani unaofuata msimamo huo, na abiria mwangalifu huuliza kabla ya safari au huchukua sindano za mianzi ambazo hata zikichukuliwa hazitamliza.

Binti anarudi kwenye hoja yake ya awali na kuichonga upya. Kama Bibi anafuma ndani ya treni na Fundi anaunga sweta ndani ya nyumba ya wenyeji, basi wote wawili wamelipia safari kisha wakaifanyia kazi, na hakuna hata mmoja aliyepumzika. Bibi anamjibu kwa swali: "Mjukuu wangu, nani amekwambia kufuma ni kuchoka?" Kwake, saa za uzi ndizo saa za kupumzika, na kumnyang'anya mkoba safarini ni kumwacha akae kama mzigo.

Hapa ndipo inapodhihirika kwamba hawa wawili hawabishani juu ya kitu kimoja. Bibi anafuma bila tarehe. Kisweta cha mtoto mchanga kikichelewa, mtoto atavishwa kingine na hicho kitamsubiri mwingine. Kitambaa cha kochi hakina siku ya kudaiwa. Na kosa likigundulika mistari kumi nyuma, kazi hufumuliwa bila hasara ila ya jioni moja. Fundi anafuma kwa oda, yaani kwa ahadi yenye rangi, kipimo, fedha na siku, na kila mfuko anaobeba safarini una jina la mtoto ambaye Jumatatu fulani atasimama mstarini shuleni akiwa na sweta au bila sweta. Uzi ni uleule, vitanzi ni vilevile, na hata vidole ni vya nyumba moja. Lakini kazi isiyo na tarehe hupungua mtu anapotembelewa na kuongezeka anapokuwa peke yake, ilhali kazi yenye tarehe haipungui kwa ajili ya mtu yeyote. Wale wasichana wa heringi walifurahia kufuma barabarani kwa sababu hiyo, na wale wanawake wa Shetland walichoshwa kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa wa kwanza walifuma kujaza muda uliobaki na wa pili walifuma kufuta hesabu ya duka.

Ukikubalika ugawaji huo, swali linalobaki ni nani anayeipanga tarehe. Mkataba Na. 177 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1996, unamtambua mfanyakazi wa nyumbani kuwa mtu anayezalisha kwa ujira, nyumbani kwake au mahali pengine alipopachagua mwenyewe, bidhaa aliyoelekezwa na mwajiri, na unazitaka serikali zinazouridhia ziwe na sera ya kuboresha hali yake. Lakini mkataba huohuo unawaweka kando wenye uhuru wa kiuchumi wa kutosha kuhesabiwa kuwa wanajitegemea, na Fundi, mwenye mashine yake, koni zake na wateja wake, yumo kundini humo. Hana mwajiri wa kumlalamikia. Tarehe anazozitii ni zile alizozikubali mwenyewe pale barazani, mara nyingi kwa kuogopa kwamba akisema hapana mteja atavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine, au atanunua sweta ya mtumba yenye rangi inayokaribiana.

Hofu hiyo ina msingi, na Binti, ambaye hajawahi kukaa nyuma ya mashine msimu wa Januari, anaidharau mno. Hata hivyo hesabu yake ya mwisho ndiyo inayoufungua mlango. Oda za Desemba ni za aina mbili, na Fundi amekuwa akizipokea kama aina moja. Za kidato cha kwanza haziwezi kutangulia, na hizo ziachiwe wiki zake. Za wanafunzi wanaoendelea zinaweza kufumwa Oktoba na Novemba, wakati mashine inapokaa chini ya kitambaa ikisubiri, na kinachozuia si rangi bali mazoea na fedha. Mazoea hutibiwa kwa tangazo barazani lenye siku ya mwisho. Fedha hutibiwa kwa kupokea malipo kwa awamu, nusu kwanza na nusu siku ya kuchukua, jambo ambalo kila mwanachama wa VICOBA analielewa bila kufundishwa. Mzazi asiyeleta oda kabla ya siku hiyo apewe Februari, bila matusi na bila kubembelezwa.

Shemeji naye haachwi bila wajibu. Safari ya ukoo inayotangazwa wiki mbili kabla ni safari iliyopangwa kwa ajili ya watu wenye mishahara, ambao likizo zao zinajulikana; mwenye mashine anahitaji kuijua tarehe Septemba, ili tangazo lake barazani liandikwe kwa kuifuata. Analikubali hilo, ingawa anaomba aruhusiwe kuendelea kulalamika.

Kuna pendekezo moja la Bibi ambalo linastahili kutazamwa kwa tahadhari. Anasema vipande vinavyotoka mashineni, mbele, nyuma na mikono, vinabebeka, na kwamba yeye anaweza kuviunga kwake mkwe akiwa safarini. Kwa juujuu ni suluhisho zuri, maana mashine hubaki na kazi huenda. Lakini ndivyo hasa mfuko wa Fundi ulivyoanza kuingia kwenye nyumba za watu, na hakuna sababu ya kuamini kwamba mfuko huo ukihamia kwa Bibi hautageuza saa zake zisizo na tarehe kuwa saa zenye tarehe. Binti analikubali kwa sharti moja, kwamba kila sweta iliyoungwa iandikwe daftarini na kulipwa kwa kiwango kilekile ambacho angelipwa fundi wa nje. Bibi anacheka kwa wazo la kulipwa na mkwe wake. Fundi hacheki, na ndiye anayepaswa kusikilizwa, kwa kuwa anajua ni sweta ngapi Bibi angeunga bure kabla ya mtu kumuuliza kama amechoka.

Kubebeka kwa kazi, basi, si neema wala si mtego kwa nafsi yake, na mwandishi yeyote anayemsifu mfumaji kwa sababu tu hakuuacha uzi wake hata safarini anasifu jambo asilolichunguza. Familia na matembezi ya mfumaji wa oda yatapata nafasi yake pale tarehe itakapokuwa imekubaliwa kabla ya uzi kununuliwa, na hilo halimhusu mfumaji peke yake. Mzazi ambaye mtoto wake anaendelea na shule ileile, na ambaye rangi ya sweta anaijua, na apeleke vipimo pamoja na nusu ya fedha kabla Novemba haijaisha.